Homa ya mtoto mwenye figo mpya: UTI isiyotibika kwa mazoea

Ukiingia zahanati nyingi za mjini na homa, kuna uwezekano mkubwa utatoka na moja ya majina matatu: malaria, taifodi au UTI. Hili la tatu, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, limezoeleka kiasi kwamba watu hutajiana kama mafua. "Nina UTI kidogo." Mkojo umepimwa, karatasi ya maabara imeandikwa chembe chache za usaha, dozi ya sipro ya siku tano imetoka, basi. Mara nyingi hakuna linaloharibika. Ama mtu alikuwa na ugonjwa huo kweli akapona, ama hakuwa nao na homa ikajiishia.

Kwa mtoto aliyepandikizwa figo, mazoea haya hukosea kwa namna mbili zinazokwenda kinyume. Anaweza kuwa na maambukizi makali yanayoishambulia figo mpya huku watu wazima wakihangaika na malaria. Na anaweza pia kumezeshwa antibayotiki mwaka mzima kwa sababu ya bakteria wanaoonekana kwenye mkojo wake ilhali hawamdhuru chochote. Kosa la kwanza linaogopwa na kila mzazi. La pili halimtishi mtu, ndiyo maana linapita bila kushtukiwa.

Maambukizi ya njia ya mkojo ndiyo maambukizi ya bakteria yanayowapata zaidi watu waliopandikizwa figo. Kwa watoto, vituo hutofautiana, lakini ripoti nyingi hutaja kati ya asilimia 15 na 33 ya waliopandikizwa. Katika ukanda wetu jambo hili lina uzito wake wa pekee. Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018, na Mulago kule Kampala Desemba 2023. Kabla ya hapo wagonjwa wengi walipelekwa India, na wengine bado wanakwenda huko. Mtoto anaweza kufanyiwa upasuaji ng'ambo ya bahari, kisha akaishi Tabora au Mtwara. Siku homa inapompanda saa nne usiku, anayempokea si bingwa wa figo bali daktari wa zamu wa hospitali ya wilaya, ambaye huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa namna hiyo. Na mzazi ndiye anayelazimika kueleza.

Ilipo figo mpya

Figo iliyopandikizwa haikai mgongoni zilipo zile za asili. Huwekwa chini ya tumbo kwa mbele, mara nyingi upande wa kulia karibu na nyonga, na mishipa yake ya damu huunganishwa na mishipa mikubwa ya eneo hilo. Mtoto mdogo sana, wa kilo kumi hivi, mara nyingi hupewa figo ya mtu mzima, labda ya mama au baba yake. Figo hiyo haienei kwenye nafasi ile, kwa hiyo huwekwa ndani zaidi ya tumbo na kuunganishwa na mishipa mikuu kabisa ya mwili. Figo za zamani kwa kawaida huachwa zilipo, isipokuwa kama zina sababu ya kutolewa, kwa mfano zimevimba kwa mkojo uliotuama na zimekuwa maskani ya bakteria.

Mahali hapo pa kuwekewa ndipo panapobadilisha dalili. Ile dalili ambayo kila kitabu cha tiba hutaja, maumivu ya kiunoni mgongoni, hapa haipo. Isitoshe, mishipa ya fahamu ya figo hukatwa inapotolewa kwa mtoaji, na haiungwi tena. Figo mpya inaweza kuwaka kwa maambukizi na mtoto akasikia uzito tu chini ya tumbo, au asisikie kitu. Daktari anayegonga mgongo wa mtoto kutafuta maumivu anagonga pasipo na figo inayofanya kazi.

Kutoka kwenye figo, mkojo hushuka kwa mrija uitwao ureta hadi kibofuni. Kwa mtu aliyezaliwa bila kasoro, ureta hupenya ukuta wa kibofu kwa mshazari, hivyo kibofu kikijaa kinaubana mrija na mkojo haupandi kurudi juu. Daktari wa upasuaji anapoiunga ureta ya figo mpya hujitahidi kutengeneza mlango wa namna hiyo kwa kuifunika kwa misuli ya kibofu. Mara nyingine mlango haubani vya kutosha, na mkojo hupanda. Ili mshono upone bila kuvuja wala kuziba, wengi huweka ndani ya ureta kijirija laini cha plastiki, stenti, ambacho hutolewa baada ya wiki chache, kwa kawaida kati ya mbili na sita. Kuna pia mpira wa mkojo kwa siku za mwanzo. Vyote viwili vina faida isiyopingika, na vyote viwili ni vitu vigeni ambavyo bakteria hujishikiza juu yake na kujifunika utando ambao dawa haziupenyi kirahisi. Stenti iliyosahaulika ni balaa. Mzazi aliyerudi nyumbani na mtoto anapaswa kujua kwa hakika kama ipo au ilishatolewa, na kama ipo, itatolewa lini na wapi.

Juu ya hayo kuna dawa zenyewe. Takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni, ambazo ndizo nguzo za matibabu katika vituo vingi, hufanya kazi moja: kuuzuia mwili usiione figo ile kuwa ya mgeni. Haziwezi kuchagua. Zinapoituliza kinga dhidi ya figo, zinaituliza pia dhidi ya bakteria wa utumbo, E. coli akiwa wa kwanza kwenye orodha, wakifuatiwa na Klebsiella, Enterococcus na Pseudomonas. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye dozi kubwa zaidi za dawa hizi, ndiyo yenye mpira na stenti, na ndiyo yenye maambukizi mengi zaidi.

Kibofu kilichoua figo za kwanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watoto wanapotofautiana na watu wazima, na ndipo maelezo mengi yanayotolewa kwa wazazi yanapokuwa mafupi mno.

Mtu mzima mara nyingi huharibikiwa figo kwa kisukari au shinikizo la damu. Kibofu chake kwa kawaida ni kizima. Mtoto mdogo, kwa upande mwingine, mara nyingi amezaliwa na hitilafu kwenye figo au njia ya mkojo, na katika nchi zenye rejista za wagonjwa, hitilafu hizo ndizo chanzo kikuu cha figo kushindwa kwa watoto wadogo. Kuna wavulana waliozaliwa na vijiutando vilivyoziba mrija wa kutolea mkojo tangu wakiwa tumboni mwa mama. Kibofu chao kilisukuma dhidi ya kizuizi kwa miezi, kikanenepa, kikawa kigumu. Kuna watoto wa mgongo wazi, ambao mishipa ya fahamu inayoamrisha kibofu haikukamilika. Kuna wale ambao mkojo ulikuwa ukipanda juu tangu kuzaliwa na kuacha makovu kwenye figo kila walipopata homa.

Ukimpandikizia mtoto wa aina hii figo mpya, umebadilisha figo tu. Kibofu ni kile kile. Msukumo mkubwa ulioziharibu figo za kwanza uko pale pale, ukiisubiri hii ya tatu. Vijiutando vinaweza kuwa vilikatwa akiwa na wiki mbili, na bado kibofu kikabaki kinene, kisichotanuka vizuri, kisichojimwaga chote. Mkojo unaobaki baada ya kukojoa ni kama maji yaliyotuama kwenye kopo uani: mbu hawahitaji mwaliko.

Ndiyo maana vituo makini hukichunguza kibofu kabla ya upandikizaji, wakati mwingine miezi mingi kabla. Hupima kinabeba kiasi gani, kinabana kwa nguvu gani, kinabakiza kiasi gani. Baadhi ya watoto hufundishwa, wao au mama zao, kuingiza mpira mwembamba mara kadhaa kwa siku, kuutoa mkojo wote, kisha kuutoa mpira. Njia hiyo ilienezwa na daktari Jack Lapides wa Michigan mwaka 1972, na jambo lililowashangaza wenzake wakati huo ni kwamba alisema mikono safi na mpira safi vinatosha, bila vifaa vya kuua vijidudu kama vya chumba cha upasuaji. Alikuwa sahihi: kukimwaga kibofu kikamilifu kunalinda kuliko usafi wa kupindukia wa mpira wenyewe. Kwa mtoto asiyeweza kupitishiwa mpira njia ya kawaida, kuna upasuaji uliobuniwa na Mfaransa Paul Mitrofanoff na kuchapishwa 1980, ambapo kidole tumbo hugeuzwa kuwa njia ndogo kutoka kitovuni au ubavuni hadi kibofuni. Na kibofu kidogo mno kinaweza kupanuliwa kwa kipande cha utumbo. Utumbo huo hauachi kazi yake ya zamani. Huendelea kutoa ute, na ute huo hubeba bakteria na wakati mwingine huzaa mawe.

Kwa hiyo mtoto anayepata UTI ya tatu ndani ya mwaka mmoja hana haja ya kwanza ya antibayotiki kali zaidi. Ana haja ya mtu kuuliza: mkojo unatuama wapi? Ultrasaundi kabla na baada ya kukojoa hujibu sehemu kubwa ya swali hilo, na kipimo hicho kipo katika hospitali nyingi za mkoa. Ikionyesha figo imevimba au kibofu kimebakiza mkojo mwingi, picha ya eksirei ya kibofu wakati mtoto anakojoa inaweza kuonyesha kama mkojo unapanda juu. Nimeona maelezo mengi ya "UTI sugu" kwenye mitandao, yakiambatana na namba ya simu na chupa ya mitishamba. Hakuna chupa inayofungua ureta iliyobanwa.

Dalili zinazojificha

Mtoto mkubwa anaweza kusema kwamba anaungua akikojoa, au anakwenda chooni kila mara. Mdogo hasemi. Anakataa chakula, anatapika, analegea, analia anapopakatwa, anakojoa kitandani wakati alishaacha. Homa ya nyuzi 38 au zaidi ni ya kuchukuliwa kwa uzito siku yoyote, lakini prednisoloni inaweza kuifubaza, hivyo mtoto akawa mgonjwa sana na kipimajoto kikasoma 37.6. Harufu ya mkojo pekee haithibitishi kitu. Kupungua kwa mkojo ni jambo jingine kabisa. Hilo ni la kwenda hospitali usiku huo huo.

Kupima malaria ni sawa, tena ni lazima kwa mtoto wa huku mwenye homa. Kosa ni kuishia hapo. Hata kipimo kikitoka na malaria, mkojo wake upimwe, kwa kuwa mtoto huyu anaweza kuwa na vyote viwili.

Kutapika kuna hatari ya pembeni ambayo wengi huisahau. Mtoto anayetapika anapoteza maji, na figo mpya, hasa ile ya mtu mzima ndani ya mwili mdogo, inahitaji maji mengi ili damu ipite ndani yake vizuri. Pia anatapika takrolimasi yake. Siku mbili bila dawa hiyo zinaweza kuanzisha jambo baya kuliko UTI yenyewe. Kwa kuhara mambo hugeuka: kiwango cha takrolimasi kwenye damu mara nyingi hupanda, na dawa nyingi mno huiumiza figo. Katika hali zote mbili jibu ni moja, kupima kiwango, au mahali pasipo na kipimo hicho, kupiga simu kituo kilichompandikiza kabla ya kuongeza au kupunguza chochote.

Kikopo cha mkojo

Kila kinachofuata, yaani dawa ipi, siku ngapi, mishipani au mdomoni, kinategemea mkojo uliochukuliwa vizuri kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki. Baada ya dozi moja tu, bakteria wanaweza wasiote maabara hata kama bado wapo, na daktari atabaki akikisia kwa siku kumi.

Mtoto anayejiweza husafishwa kwa maji, huachwa aanze kukojoa, kisha kikopo hukinga mkojo wa katikati. Kwa mtoto mchanga, mfuko wa plastiki unaobandikwa ndio unaopendwa kwa wepesi wake, nao hauaminiki kwa kuotesha bakteria, kwa kuwa mkojo huoga kwenye ngozi na kinyesi kabla ya kufika mfukoni. Unafaa kwa kitu kimoja: ukipimwa na kuonekana safi kabisa, maambukizi hayaelekei kuwapo. Ukionekana mchafu, inabidi kuchukua mwingine kwa mpira mwembamba au kwa sindano juu ya kinena, jambo ambalo mzazi hulichukia kuliangalia na ambalo huchukua chini ya dakika moja. Mtoto anayetumia mpira kila siku, mkojo wake uchukuliwe kwa mpira mpya, si ule wa jana.

Kisha saa inaanza kuhesabu. E. coli katika mazingira mazuri hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Kikopo kilichokaa dirishani kwenye joto la Dar es Salaam tangu asubuhi kitaota bakteria maelfu kwa maelfu hata kama kilianza na wachache kutoka kwenye ngozi. Mkojo ufike maabara ndani ya saa moja, au uwekwe kwenye friji, ambako unaweza kukaa hadi siku moja.

Kile kijiti chenye rangi kinachochovywa kwenye mkojo kina nafasi yake, ila kinadanganya kwa upande wa watoto. Alama yake ya naitraiti, kemikali inayotengenezwa na bakteria wengi wa UTI, huhitaji mkojo uliokaa kibofuni saa kadhaa, takriban nne, na mtoto mdogo hukojoa kila mara. Enterococcus haitengenezi naitraiti hata ukisubiri hadi kesho. Kijiti safi kwa mtoto aliyepandikizwa, mwenye homa, hakimalizi shauri. Nazo chembe za usaha bila bakteria kuota zina orodha yake: stenti iliyomo ndani, antibayotiki iliyokwisha kumezwa, kifua kikuu cha njia ya mkojo. Damu kwenye mkojo wa mtoto aliyekulia Pemba, au mahali pengine penye kichocho cha mkojo, imfanye daktari atafute mayai ya kichocho pia.

Maabara ikiotesha na kuhesabu, mkojo wa katikati wenye bakteria wa aina moja 100,000 au zaidi kwa kila mililita ndio kipimo kilichozoeleka cha kusema maambukizi yapo. Kwa mkojo wa mpira wengi hutumia 50,000. Namba hizi husomwa pamoja na mtoto mwenyewe. Namba bila dalili ni habari nyingine, nitaifikia.

Dawa, na dawa zinazogombana na dawa

Mtoto mwenye homa na maambukizi ya figo iliyopandikizwa hulazwa, huwekewa maji, na huanza antibayotiki ya mshipani huku majibu ya kuotesha yakisubiriwa. Siku mbili au tatu baadaye dawa hubadilishwa kufuata kile bakteria wanachokiogopa. Matibabu yote huchukua kwa kawaida siku 10 hadi 14. Tatizo letu ni kwamba seftriaksoni, antibayotiki ya sindano, imetumika hovyo kwa miaka, na E. coli na Klebsiella wenye uwezo wa kuivunja si wageni tena katika wodi zetu. Mtoto aliyetoka kulazwa wiki nyingi kwenye hospitali kubwa, ya hapa au ya ng'ambo, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwabeba. Kwa hiyo majibu ya vipimo vya zamani vya mkojo ni mali, yasitupwe.

Sehemu hatari zaidi si kukosa dawa, ni kupata isiyo yake. Erithromaisini na klarithromaisini hupandisha takrolimasi kwenye damu, wakati mwingine kufikia kiwango cha sumu. Flukonazoli ya fangasi nayo ni hivyo hivyo. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, huishusha sana, na mwili unapata mwanya wa kuikataa figo. Jentamaisini, sindano ambayo ni ya kawaida sana katika vituo vya afya, ikikutana na takrolimasi huwa ni sumu mbili za figo kwa wakati mmoja. Bingwa anaweza kuamua kuitumia kwa sababu zake, lakini isichomwe kwa mazoea. Diklofenaki na ibuprofeni za kushushia homa ziachwe kabisa, parasetamoli inatosha. Naitrofurantoini ni dawa nzuri ya kibofu, haifiki kwa wingi wa kutosha ndani ya nyama ya figo, kwa hiyo haifai kwa mtoto mwenye homa. Matunda ya balungi na danzi pia hupandisha takrolimasi, na kwa familia za pwani hilo la danzi ni la kuambiana, maana halikosekani kwenye mboga na samaki.

Septrin, antibayotiki ya kunywa, ina hadithi yake. Watoto wengi huinywa kwa miezi kadhaa baada ya upandikizaji, lengo kuu likiwa kuzuia nimonia ya fangasi aitwaye Pneumocystis, na njiani hupunguza pia UTI. Inaweza kupandisha kidogo kreatinini, taka ya damuni inayopimwa ili kujua figo inafanyaje kazi, bila figo kuumia, kwa kuwa inazuia tu njia mojawapo ambayo kreatinini hutoka mwilini. Inaweza pia kupandisha potasiamu, na hilo si la kupuuzwa. Na mtoto akipata UTI akiwa anaitumia, bakteria wale huenda wamekwisha kuizoea.

Kreatinini imepanda: nani mkosaji?

Tuseme mtoto ana homa, mkojo una usaha, na kreatinini iliyokuwa 50 sasa ni 95. Maambukizi ya figo pekee yanaweza kufanya hivyo. Upungufu wa maji unaweza. Takrolimasi iliyozidi inaweza, na kuziba kwa ureta pia. Na mwili kuikataa figo unaweza kufanya hivyo hivyo, hata kwa wakati mmoja na maambukizi.

Ugumu ni kwamba tiba zake zinavutana. Figo ikikataliwa, mtoto hupewa dozi kubwa za steroidi mishipani, ambazo zingewapa bakteria uwanja mpana. Maambukizi yakiwa makali mno, daktari huweza kupunguza dawa za kushusha kinga, jambo ambalo linaweza kuamsha ukataaji. Utaratibu wa busara, na ndio unaofuatwa na wengi, ni kurudisha maji, kuangalia ultrasaundi, kutibu maambukizi na kupima kreatinini kila siku. Ikishuka pamoja na homa, mkosaji amejulikana. Ikigoma kushuka baada ya siku chache za dawa sahihi, huchukuliwa kipande kidogo cha figo kwa sindano kikasomwe chini ya hadubini.

Kuna mhusika mwingine asiyeleta homa wala maumivu: virusi vya BK, vilivyopewa herufi za jina la mgonjwa wa figo ya kupandikizwa aliyegunduliwa navyo London mwaka 1971. Watu wengi huvipata utotoni bila kujua, vikalala. Kinga ikishushwa sana vinaamka ndani ya figo mpya na kreatinini hupanda polepole. Antibayotiki hazivigusi. Tiba yake kuu ni kupunguza dawa za kushusha kinga kwa uangalifu, kwa hiyo kuviita UTI na kumpa mtoto dozi nyingine ya sipro ni kupoteza wiki ambazo figo haina.

Je, UTI hufupisha maisha ya figo? Uchambuzi wa takwimu za watoto wa Marekani uliochapishwa 2007 ulikuta kwamba zile za miezi sita ya kwanza ziliambatana na kupoteza figo zaidi, ila zile za baadaye hazikuonyesha uhusiano huo. Kuambatana si kusababisha; mtoto anayeugua mapema mara nyingi ndiye mwenye kibofu kibovu au upasuaji uliosumbua. Mimi husoma matokeo hayo kama onyo juu ya kibofu kuliko juu ya bakteria.

Bakteria wasio na kosa

Mtoto yuko kliniki, anacheza, hana homa, kreatinini yake ni ile ile. Mkojo wa kawaida wa kliniki umeoteshwa, E. coli 100,000. Je, atibiwe?

Wiki za mwanzo baada ya upasuaji, madaktari wengi hutibu. Baadaye, mwelekeo umebadilika. Mwongozo wa chama cha Marekani cha wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza wa mwaka 2019 unashauri kutowatafuta wala kuwatibu bakteria wasio na dalili kwa waliopandikizwa figo zaidi ya mwezi mmoja uliopita. Ushahidi wake mwingi ni wa watu wazima, hilo lisemwe wazi, lakini mantiki yake kwa watoto ni ile ile: bakteria hurudi baada ya dozi, na wanaorudi ni wale walioizoea dawa. Kwa mtoto anayetumia mpira kila siku au mwenye kibofu kilichopanuliwa kwa utumbo, mkojo usio na bakteria ni jambo la nadra. Kumtibu kila majibu yanaporudi ni kuhakikisha kwamba siku atakapougua kweli, dawa ya kunywa haitakuwapo tena.

Hili ni gumu kulikubali ukiwa mama umeshika karatasi yenye neno "bakteria" na figo iliyotoka ubavuni mwako. Si uzembe wa daktari akikuambia tusubiri. Muulize badala yake ni dalili zipi zikitokea urudi siku hiyo hiyo, na uhakikishe namba ya simu unayopewa inapokelewa usiku.

Nyumbani na shuleni

Kinga kubwa ni ya kawaida mno kiasi kwamba huonekana haina uzito: kunywa maji, kukojoa kwa ratiba, kupata choo laini. Uwezo wa kibofu cha mtoto hukadiriwa kwa kuchukua umri wake, kuongeza mbili, na kuzidisha kwa mililita 30. Wa miaka minne ana nafasi ya mililita 180 hivi. Akinywa lita mbili kwa siku, kama wengi wenye figo ya mtu mzima wanavyotakiwa, atahitaji kukojoa mara tisa au kumi. Kila baada ya saa mbili hadi tatu, basi, asisubiri kubanwa. Na mwenye kubakiza mkojo akojoe, atulie dakika chache, akojoe tena. Choo kigumu hukibana kibofu na kukizuia kujimwaga, kwa hiyo kutibu kufunga choo ni sehemu ya kutibu UTI. Wasichana wajipanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Tohara hupunguza sana UTI kwa wavulana wachanga, na kwa mvulana mwenye hitilafu ya njia ya mkojo ambaye bado hajatahiriwa, ni vyema kuizungumza na daktari mapema.

Shule ndiyo inayovuruga ratiba hiyo. Mwalimu hajui kwa nini mtoto mmoja aombe ruhusa kila kipindi, na vyoo vingine ni vya kumfanya mtoto ajibane hadi jioni, kisha apunguze kunywa maji ili asibanwe. Mwalimu mkuu aelezwe, choo cha walimu kiombwe. Mtoto anayetumia mpira wa mkojo atahitaji pia pa kunawa mikono na mlango unaofungika.

Safari ya kwenda kijijini kwa bibi inahitaji barua. Iwe ukurasa mmoja, iliyoandikwa na kituo kinachomfuatilia: tarehe ya upandikizaji na upande figo ilipo, kreatinini yake ya kawaida, dawa na dozi, stenti ipo au haipo, anatumia mpira au hatumii, bakteria waliowahi kuota na dawa zilizowaweza, dawa asizopaswa kupewa, na namba ya kupiga. Mstari wa kwanza kabisa uandikwe kwa herufi kubwa: akiwa na homa, chukua mkojo wa kuotesha kabla ya antibayotiki, kisha anza dawa bila kusubiri majibu.